Mchana wa Mwenyekiti

Mama Pasi alikuwa na simu mbili. Moja ilikuwa nzima, na hiyo aliificha ndani ya sidiria. Ya pili ilikuwa ya marehemu mumewe, na betri yake ilimfuata mwenyewe kaburini miezi michache tu baada ya mazishi. Hiyo mfu ndiyo aliyoongea nayo.

Akitoka kazini giza limeshaingia, alisimama kidogo mdomoni mwa kichochoro, akaitoa ile simu mkobani, akaibandika sikioni, akaanza kupaza sauti. "Ndiyo, niko hapa kwenye ghala. Njoo unipokee. Uko na nani? Ah, na yule mlinzi wa benki? Haya, njooni wote." Huku anatembea katikati ya njia, mbali na kuta, funguo amezibana katikati ya vidole kama mtu aliyeota kucha za chuma. Upande mmoja ukuta wa ghala lililofungwa, upande wa pili ukuta wa nyumba ya shemeji yake, katikati giza totoro. Maneno ya kumtisha mwizi yakimwishia, aliendelea na ya kweli: "Na kaka yako leo kafungua mdomo tena. Nashukuru wewe huna masikio."

Huyo kaka, shemeji wa Mama Pasi, ndiye mtaa mzima ulimwita Mwenyekiti. Alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi na Mwanga, kamati aliyoiunda mwenyewe, akajichagua mwenyewe, akajipongeza mwenyewe. Kazi yake halisi kabla ya hapo hakuna aliyeikumbuka vizuri. Alikuwa na gari ambalo halijatoka getini tangu matairi yake yaanze kuota majani, na koti la suti alilovaa hata akienda kumwaga taka. Kila jioni yeye na wenzake, akiwemo kinyozi wa mtaani, waliketi kwenye benchi chini ya nguzo ya taa ya kona, pale kichochoro kinapotokea mtaani, wakilinda. Walilinda kwa kahawa na domo. Saa ya wezi ilipokaribia walikuwa wameshaingia ndani na kupiga makomeo yote matatu.

Sasa mjue huyu mama ni nani. Aliingia dobi ya hospitali akiwa msichana, akaanzia kwenye kuloweka, mahali ambapo wengi hukaa wiki moja wakaaga. Shuka za chumba cha upasuaji zinakuja zimejikunja kama zina siri, na lazima uzikunjue kwa mkono, uzitie kwenye maji baridi kwanza, maana ukikurupuka na maji ya moto unaipika damu kwenye kitambaa na haitoki milele. Kutoka kuloweka akaenda kukamua, kutoka kukamua akaenda kwenye roli kubwa la kunyoosha, lile linalomeza shuka mvua upande huu na kuitema kavu upande ule, na ambalo halibagui kati ya shuka na vidole vya mtu mzembe. Mwisho akasimama kwenye pasi. Jina la Mama Pasi alipewa huko, na mtaani likashika kwa sababu nyingine: aliongea akiwa ameshapata moto.

Mwaka huo mkuu wa dobi, mwanamke asiyepoteza maneno, alimwita pembeni ya mapipa ya sabuni.

"Zamu ya jioni haina kichwa. Nataka uisimamie wewe."

"Na yule aliyepo?"

"Aliyepo anasimamia usingizi. Nipe jibu Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Ukikataa nampa mtu wa nje, na mtu wa nje atakuja na watu wake."

Mama Pasi alirudi kwenye pasi yake akaiinamia ili wenzake wasimwone uso. Maisha yake yote alikuwa ameambiwa loweka, kamua, nyoosha, kunja upya hii. Mara hii yeye ndiye angesema. Bintiye alikuwa anamaliza shule na chuo kilikuwa kinamngoja, lakini nisiwadanganye, hakuanza kumfikiria bintiye. Alianza kujifikiria mwenyewe, amesimama katikati ya mvuke, anasema na watu wanafanya.

Zamu ya mchana ilimrudisha nyumbani gizani mara moja moja, kazi ikirundikana. Zamu ya jioni ingemrudisha gizani kila siku iendayo kwa Mungu. Na hapo ndipo shemeji alipoingia, koti na vyote.

"Kaa, shemeji," alimwambia, yeye mwenyewe akiwa amekalia kiti pekee. "Nimesikia habari za kazi. Haiwezekani. Mke wa marehemu mdogo wangu hawezi kuonekana anapita kichochoroni usiku kama mwizi. Watu watasema nini?"

"Watu hawataniona, shemeji. Hakuna taa."

"Ndiyo maana nakukataza. Hakuna usalama."

"Wewe si ndiye mwenyekiti wa usalama?"

"Ndiyo maana najua haupo."

Mama Pasi alimtazama kama anavyotazama doa ambalo mtu amelipigia pasi juu.

"Na ukiichukua hiyo kazi kwa kiburi chako," Mwenyekiti akaendelea, akijifuta kitu ambacho hakikuwepo kwenye koti, "vile vyumba vya uani nitavihitaji. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii. Siwezi kulaza mtu nisiyeweza kumlinda."

Vyumba vya uani vilikuwa viwili, na ndivyo alivyoachiwa na mumewe: chumba, kichumba, na mlango mbovu unaofunguka kwa kuinuliwa kwa goti. Humo alimlea bintiye. Basi mambo yakawa wazi kama mchana: kichochoro kiwe na mwanga kabla ya Jumatatu ile, au achague kati ya kazi na paa.

Tuiseme na hiyo taa, maana taa ilikuwepo. Watu wa baraza la mji waliileta baada ya msichana wa cherehani kuvutwa mkoba mle kichochoroni na kuburuzwa nao mpaka goti likabaki jekundu. Waliisimika nguzo pale kona, wakaweka taa ya kisasa isiyohitaji mtu wa kuiwasha, na kwa majuma ya kwanza kila mtu aliona vidole vyake vya miguu hadi barabara kuu. Wanawake walipita wakicheka. Wapo waliopita bila safari, kwenda na kurudi tu, kama watu wanaojaribu viatu vipya dukani.

Kisha taa ikapata tabia. Jua likizama iliwaka vizuri, ikajionyesha, halafu kabla watu hawajamaliza kula ikazimika kimya hadi asubuhi. Mtaa ukaibatiza jina la Bibi Harusi, kwa kuwa inakufunulia uso kidogo tu na kujifunika. Kila mtu akawa na sababu. Huyu akasema balbu ni feki. Yule akasema wezi wana mtu wao huko umeme. Kinyozi alisema kwa uhakika wa mtu mwenye wembe mkononi kwamba ni mbu, wanaingia ndani ya nyaya.

Mwenyekiti yeye alipeleka malalamiko, na fundi wa baraza akaja. Alikuja mara nyingi tu, kila mara saa za kazi, jua liko utosini. Mara ya mwisho ilikuwa mwezi ule ule wa jibu, na Mama Pasi alikuwa na mapumziko, anaanika nguo zake uani, akapanda juu ya ndoo achungulie.

Fundi alipanda ngazi, akavua kofia yake, akaifunika juu ya kichwa cha taa. Taa ikawaka, mchana kweupe. Akaondoa kofia. Taa ikazima.

"Nzima," fundi akatangaza kutoka juu.

"Nzima vipi, na usiku hailali macho?" Mama Pasi akamuuliza kutoka ukutani.

"Mama, hii ina jicho. Hapa juu. Jicho likiona giza inawaka, likiona mwanga inalala. Nimelifunika umeona imewaka. Taa haina ugonjwa."

"Njoo uione usiku basi."

"Usiku?" Fundi alimshangaa kama vile ameambiwa aje bila suruali. "Usiku mimi sipiti huku, mama. Mtaa wenu huu una giza."

Akashuka, akafunga ngazi yake kwenye pikipiki, akaenda zake. Mtu wa kutengeneza taa za usiku, tangu aajiriwe hajawahi kuiona hata moja ikiwa kazini. Mama Pasi alibaki juu ya ndoo akiwa na shati la mtoto wake mkononi, hana hamu hata ya kutukana.

Neno la jicho lilimkaa kichwani, lakini halikupata pa kuketi. Lilipata siku Mwenyekiti aliposafiri.

Alialikwa kwenye semina ya usalama wa mitaa, mji mwingine, hotelini. Aliondoka kwa mbwembwe, koti jipya, begi la kukokota lililolia juu ya mawe yote ya mtaa. Aliagiza kamati ikae macho. Kamati, baada ya mkubwa wao kukata kona, ilikwenda kulala mapema kuliko kawaida.

Na usiku huo Bibi Harusi hakujifunika. Mama Pasi aliingia kichochoroni na simu yake mfu sikioni, "Ndiyo, niko hapa kwenye ghala," akasita katikati ya uongo. Aliona njia yote. Aliona paka, aliona nyufa za ukuta, aliona ganda la ndizi ambalo lingemvunja kiuno. Akashusha simu. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Msichana wa cherehani, ambaye tangu mkasa wake alikuwa hatoki baada ya machweo, alionekana amesimama mlangoni kwake, mguu mmoja nje.

Mwenyekiti akarudi na mfuko wa semina na kalamu ya semina. Jioni hiyo hiyo taa ikawaka, ikajionyesha, ikazima.

Mama Pasi hakulala vizuri. Asubuhi, kabla hajaenda kazini, alimkuta mke wa Mwenyekiti anafagia uani. Huyu alikuwa mwanamke mpole aliyezoea kuitwa kwa mluzi. Binti wa Mama Pasi alimwita Mama Mkubwa na nyumba nzima ikafuata, ila Mama Pasi mwenyewe alimwita dada.

"Dada, hebu nikuulize. Mumeo akiwa safarini, kuna kitu ulikuwa hufanyi?"

Mama Mkubwa akacheka chinichini. "Vingi. Sikupiga pasi koti, sikuchemsha maji ya miguu, sikuwasha bango."

"Bango?"

"Si ile taa yake kubwa. Kila siku akishakaa pale kwenye benchi ananipigia mluzi niwashe. Alivyokuwa hayupo nikasema, ya nini? Nani anasoma?"

Mama Pasi alikaa juu ya ngazi ya mlango. Bango! Mwenyekiti, siku chache baada ya taa ya baraza kusimikwa, alikuwa amechoresha bango la bati: MTAA SALAMA, na chini yake, kwa herufi kubwa kuliko za usalama wenyewe, cheo chake. Alilipigilia juu kabisa kwenye nguzo ya taa, watoto wasilichorechore. Kwa kuwa taa ya nguzo inamulika chini na bango liko juu, halikusomeka usiku, na jambo hilo lilimnyima usingizi kuliko wezi. Basi akafunga ukutani kwake taa kubwa kama za uwanja wa mpira, akaielekeza juu kwenye bango. Cheo chake kikang'aa hadi barabara kuu. Na mwanga ule ule ukapita bango, ukalitwanga jicho la taa ya mtaa usoni. Jicho likaona mchana. Taa ikalala. Kichochoro, kilichofichwa na ukuta wa Mwenyekiti mwenyewe, hakikupata hata tone.

Yaani usiku wote ule wa funguo vidoleni, wa kuongea na marehemu, wa goti la yule msichana kupona huku roho yake haijapona, mtu mmoja alikuwa anajisomea cheo.

"Dada," akasema Mama Pasi taratibu, "leo akikupigia mluzi, uwashe, uhesabu kidogo, halafu uzime. Nitakuwa kichochoroni."

"Atanigombeza."

"Mwambie umeme umekatika. Kwani atajuaje, anatazama bango au swichi?"

Walijaribu jioni hiyo. Mama Mkubwa aliwasha, kichochoro kikafa. Alizima, na baada ya muda wa kupiga chafya moja na kujifuta, kikafufuka. Aliwasha tena. Mama Pasi alisimama mle gizani peke yake, na kwa mara ya kwanza giza lile halikumtisha. Lilimuudhi, kama chakula kizuri kilichomwagwa makusudi.

Hakumwendea shemeji faraghani. Kuna watu ukiwaambia ukweli faraghani wanaukalia. Alingoja mkutano, na mkutano haukuwa mbali. Mwenyekiti alikuwa ameuitisha Jumamosi, siku mbili kabla ya lile jibu la dobi, kuleta matunda ya semina.

Watu wakajaa pale kwenye benchi, wanaume mbele, wanawake nyuma na milangoni. Taa ya bango ilikuwa inawaka, Bibi Harusi ameshajifunika. Mwenyekiti alisimama akatoa kalamu ya semina, akaitazama, akairudisha mfukoni.

"Ndugu wananchi. Wataalamu wametufundisha kwamba usalama unaanza na mtu mwenyewe. Kamati imekaa, imeona kwamba tatizo la mtaa huu ni wanawake kutembea usiku. Mwanamke asipotembea usiku, mwizi atamkaba nani?"

"Atakukaba wewe," sauti ya kike ikasema kutoka gizani.

"Nani huyo? Nasema, kuanzia leo, jua likizama kila mama na kila binti awe ndani. Mwenye kazi za usiku atafute za mchana." Akamtupia jicho Mama Pasi. "Nitaanzia nyumbani kwangu ili muone sina upendeleo."

Wanaume wakapiga makofi. Kinyozi alipiga kwa nguvu zaidi, ingawa mkewe ndiye aliyemlisha kwa kuuza chai stendi kabla ya alfajiri, na hilo alikuwa hajalipigia hesabu.

Mama Pasi akasimama. "Mwenyekiti, naomba neno."

"Fupi, shemeji."

"Fupi sana. Naomba taa ya bango izimwe."

"Izimwe? Ili watu wakabwe hapa hapa mkutanoni?"

"Si mko hapa? Kamati nzima. Mnaogopa nini?"

Watu wakaguna. Mwenyekiti akajitutumua. "Hiyo taa haizimwi. Ndiyo mwanga pekee wa mtaa huu."

"Dada!" Mama Pasi akaita juu ya ukuta. "Zima!"

Swichi ikalia, tap, na giza likawaangukia wote. Hapo ndipo ulinzi wa mtaa ulipojulikana. Benchi lilipinduka. Mtu mmoja alisema, "Nani kanishika?" na mwingine, "Ni mimi, ni mimi, usipige!" Kinyozi aliita jina la mkewe. Sauti ya Mwenyekiti, nyembamba kuliko siku zote, ilikuwa inasema, "Washa, mama wee, washa!"

Halafu juu ya vichwa vyao taa ya mtaa ikapepesa, ikasita, ikawaka. Kichochoro chote kikafunguka hadi barabara kuu, cheupe, kitulivu, na paka wake. Na hapo kona ikaonekana kamati: kinyozi amekumbatia nguzo, wengine wawili wamekumbatiana, Mwenyekiti amechuchumaa nyuma ya benchi koti limempanda shingoni.

"Dada, washa!"

Bango likang'aa. Taa ya mtaa ikafifia, ikazima. Kichochoro kikafungwa.

"Zima!"

Kikafunguka. Msichana wa cherehani ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka kwa sauti kali, kama mtu anayelia, kisha wanawake wote wakaipokea, mlango kwa mlango.

"Taa hii ina jicho," Mama Pasi akasema, hakuhitaji kupaza sauti. "Ikiona mwanga inadhani mchana. Shemeji yangu anaiwashia mchana kila jioni ili tusome cheo chake. Hakuna mbu. Wezi hawakuhonga mtu. Giza la mtaa huu linatoka kwenye ukuta wake."

Mwenyekiti alisimama, akajikung'uta magoti. Mtu mwingine angesema samahani, ingemtoka hata kwa bahati mbaya. Yeye alisema: "Basi taa ya baraza ndiyo mbovu. Inawezaje kuogopa taa ya mtu binafsi?"

"Shemeji, ulinikataza kazi kwa sababu ya giza. Giza nimeshakuonyesha lilipo. Jumatatu naenda kusema ndiyo. Kama una sababu nyingine ya kunitoa kwenye vyumba vya mdogo wako, itaje hapa, watu wakiwa wamekaa. Au wakiwa wamekumbatiana, vyovyote."

Alitafuta macho ya wenzake. Kinyozi alikuwa anakagua kucha zake. Wengine wote ghafla walikuwa na watoto wa kulaza. Ndivyo walivyo: walimpigia makofi dakika ile na dakika hii hawamjui. Mwenyekiti alivuta koti likae mabegani, akaingia ndani. Tukasikia makomeo matatu.

Msidhani alizima. Aliiwasha kwa mkono wake mwenyewe usiku ule ule na usiku uliofuata, bango liking'aa kama kaburi la tajiri. Alipendelea mtaa mzima ukabwe kuliko cheo kisisomeke. Lakini sasa kila mwanamke aliyepita aligonga geti na kuamkia kwa adabu zote: "Habari za jioni, Mwenyekiti! Tuzimie jua!" Walianza wakubwa, wakafuata wasichana, na mwisho hata mke wa kinyozi, akienda na birika lake kabla ya alfajiri. Ndani ya nyumba nako mambo yalibadilika. Mwenyekiti alipopiga mluzi, Mama Mkubwa alisema ana usaha sikioni.

Jumatatu Mama Pasi alitoa jibu. Mkuu wa dobi alisema "Vizuri," akampa funguo za stoo, na hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yote. Jioni hiyo alisimama katikati ya mvuke akamwambia kijana wa roli, "Kunja upya hii," na kijana akakunja upya. Alikwenda chooni akacheka peke yake.

Juma lile lile bango likatoweka. Mwenyekiti alieleza kwamba limekwenda kupakwa rangi. Taa yake kubwa nayo ikageuzwa, ikawa inamulika lile gari lenye majani. Taa ya mtaa iliwaka jioni hadi asubuhi, na msichana wa cherehani akaanza tena kupeleka nguo za wateja baada ya machweo.

Basi Mwenyekiti akaitisha mkutano mwingine. Mama Pasi alikuwa na siku ya mapumziko, akahudhuria, hakutaka kukosa.

"Ndugu wananchi," akasema Mwenyekiti, koti jipya, kalamu ile ile. "Baada ya juhudi kubwa za kamati yenu, na mimi binafsi kuwasiliana na wahusika wa ngazi za juu, taa ya mtaa imetengenezwa."

Mtu mwenye akili angetarajia wamcheke. Wapi! Walipiga makofi. Kinyozi alisimama kabisa. Watu wale wale waliomwona amechuchumaa nyuma ya benchi wakampigia makofi kwa taa aliyoizima, na mmoja akapendekeza apewe cheti. Mama Pasi aliwatazama mmoja mmoja, akaona hakuna cha kuloweka hapo. Damu ilishapikwa kwenye kitambaa. Na yeye akapiga makofi. Alipiga mara mbili, kama mtu anayeua mbu.

Kesho yake usiku alishuka barabara kuu na mkoba wake begani, funguo ziko chini kabisa kwenye mkoba, mikono mitupu. Kichochoro chote kilikuwa wazi. Alitembea karibu na ukuta, akiugusa kwa vidole, kwa raha tu. Kwenye benchi kamati ilikuwa bado imekaa. Siku hizi walichelewa kulala, kulikuwa na mwanga wa kuwalinda.

"Unaona, shemeji?" Mwenyekiti akamwambia, amenyoosha miguu. "Nilivyokupigania."

Mama Pasi alisimama palepale chini ya nguzo, akafungua mkoba, akatoa ile simu mfu, akaibandika sikioni.

"Haloo, baba. Ndiyo, nimefika salama. Hapana, usije, nitafika mwenyewe." Akasikiliza kidogo. "Kaka yako? Yupo hapa mbele yangu. Hajabadilika hata kidogo. Ila sasa anaonekana vizuri."

Akairudisha simu mkobani, akaenda kuinua mlango wake kwa goti.